Ukweli Huja Baada ya "Ila"

Siku ya mwisho ya semina ina utaratibu wake. Mwezeshaji anafunga kwa maneno mazuri, mwenyekiti wa kijiji anashukuru kwa niaba ya wote, mtu wa fedha anakaa pembeni na karatasi ya kusaini posho na nauli. Hapohapo, watu wameshashika mikoba yao, anapita mtu mwingine akigawa karatasi: "Naomba mtujazie fomu hii ya tathmini, ni dakika tano tu."

Mtu huyo wa kupita na karatasi ni mimi. Kwa miaka kadhaa kazi yangu imekuwa kutengeneza madodoso ya kupima zana za mafunzo: vijitabu, vitini, mabango kitita (zile chati kubwa za kufunua ukurasa kwa ukurasa), miongozo ya wawezeshaji, hasa zile zinazokwenda kwa wakulima na wahudumu wa afya ngazi ya jamii. Leo nataka kuandika kuhusu dodoso moja lililonifanya nianze kazi hii upya, ingawa nilikuwa nimeshaifanya muda mrefu.

Ilikuwa mkoani Dodoma, katika kijiji ambacho wakazi wengi ni Warangi. Mafunzo yalikuwa ya siku tatu kuhusu sumukuvu kwenye mahindi. Yalipokwisha nilikusanya fomu, nikakaa chini ya mti nikizipitia huku tukisubiri gari. Dodoso lilikuwa na sentensi kumi, kila moja na visanduku vitano, kuanzia "Sikubali kabisa" hadi "Nakubali sana". Fomu ya kwanza, tiki zote ziko kulia. Ya pili, vilevile. Ya tatu, vilevile. Sasa, sentensi ya saba nilikuwa nimeiandika kinyume kwa makusudi: "Kijitabu kilikuwa kigumu kueleweka." Mtu aliyekubali sana kwamba kijitabu kilieleweka vizuri alikuwa pia amekubali sana kwamba kilikuwa kigumu, wala hakuwa mmoja. Mama mmoja hakuhangaika na tiki. Alichora mstari mmoja mnyoofu kutoka juu hadi chini, ukapita katika visanduku vyote vya "Nakubali sana", kisha kwenye nafasi ya maoni akaandika kwa mwandiko mzuri wa shule ya zamani: "Mungu awabariki, mrudi tena."

Ripoti ya fomu za namna hiyo huandikwa kwa nusu saa. Unajumlisha, unagawanya, unapata wastani unaokaribia tano, unaweka grafu yenye rangi. Aliyelipia mafunzo anafurahi, mwezeshaji anaitwa tena. Nilikuwa nimeandika ripoti kama hizo kabla ya siku ile, na sasa nikizikumbuka najua kwamba hazikusema lolote kuhusu vijitabu vilivyokuwa vinapimwa.

Yule mama hakudanganya. Alijibu swali alilolisikia, nalo halikuwa lile nililoliandika. Fikiria tunavyosalimiana. "Habari za nyumbani?" "Nzuri." Anayejibu huenda amekesha akiuguza, huenda mvua imemkatili na shamba limekauka, lakini jibu la kwanza ni "nzuri", na wala si uongo, ni adabu. Ukitulia, ukakaa, ukapewa maji ya kunywa, ndipo inafuata: "Nzuri tu. Ila mtoto anasumbuliwa na homa tangu juzi." Hapo ndipo habari yenyewe ilipo. Mtu aliyekula na wewe siku tatu, akaja jioni ya mwisho na karatasi kukuuliza kama mafunzo yalikuwa mazuri, huyo amekusalimu. Nawe unamwitikia. Madodoso yetu mengi yanakusanya "nzuri" mia mbili, yanazitafutia wastani, kisha yanapanda gari kabla "ila" haijasemwa.

Vile visanduku vitano vina historia. Vinatokana na kazi ya Rensis Likert, mwanasaikolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1932 alichapisha njia ya kupima mitazamo kwa kumpa mtu sentensi na kumuuliza anakubaliana nayo kwa kiasi gani. Ni njia nzuri na imesaidia wengi. Lakini tulipoihamishia kwenye Kiswahili tulitafsiri maneno tukasahau kuyapima uzito. "Kubali" kwetu ni neno pana. Mzee akisema posa imekubaliwa, ameridhia. Mtuhumiwa akikubali, amekiri. Kijana akimwambia mwenzake "nakukubali sana", anamsifu. Kwa hiyo mtu anapoweka tiki kwenye "Nakubali sana" huenda anamsifu mwezeshaji, huenda anaridhia mafunzo yarudi tena, huenda ameelewa kweli, na fomu haiwezi kukuambia ni lipi. Upande wa pili, "sikubali" ni neno la kusimama nalo. Anayesema "sikubali" yuko tayari kwa ugomvi. Ncha moja ya kipimo ni baraka, nyingine ni vita, halafu tunashangaa kwamba wote wamekaa upande wa baraka.

Sentensi za kukanusha nazo zina balaa lake. Muulize mtu "Hujala?" Mmoja atasema "Ndiyo, sijala," mwingine "Hapana, sijala," na wote wawili wana njaa. Ana kwa ana hakuna tatizo, kwa sababu maneno yanayofuata yanaeleza. Kwenye kisanduku hakuna maneno yanayofuata. Ndiyo maana siku hizi siandiki tena "Kijitabu hakikuwa kigumu", na hata ile mbinu ya kugeuza sentensi moja ili kunasa wanaojaza bila kusoma naitumia kwa uangalifu mkubwa. Inanasa pia watu waliosoma vizuri sana.

Kwa nini nilijali kiasi hicho kijitabu cha kurasa 16? Kwa sababu sumukuvu inaua. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na maeneo ya jirani nchini Kenya, watu 317 waliugua na 125 walifariki baada ya kula mahindi yaliyoingiwa na sumu hiyo. Mwaka 2016 ikafika kwetu, Dodoma na Manyara, ikachukua takriban watu 20. Sumu hii hutengenezwa na kuvu wa jamii ya Aspergillus. Haina ladha ya kukuonya, na kuipika hakuiondoi. Ugali uliosongwa ukaiva vizuri bado unayo. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa katika nafaka Afrika Mashariki ni mikrogramu 10 kwa kilo, kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona hata kidogo. Inayobaki ni kinga: kuvuna kwa wakati, kutoanika chini, kukausha hadi unyevu ushuke asilimia 13 hivi, kuhifadhi pakavu. Yote hayo yanategemea mkulima aelewe. Kijitabu kisipoeleweka, hakijashindwa kwenye karatasi tu.

Gari lilipokuja niliwaomba wenzangu waniache. Kesho yake asubuhi, baada ya kumuona mtendaji wa kijiji, nilikwenda nyumbani kwa bibi mmoja aliyekaa safu za mbele siku zote tatu. Sikubeba dodoso. Nilibeba kijitabu chenyewe.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Kumbe hujaondoka?"

"Nimebaki kidogo. Habari za tangu jana?"

"Nzuri. Karibu uketi."

Tukaongea kuhusu bei ya alizeti, kuhusu mguu wake unaouma usiku, kuhusu mjukuu anayesoma mbali. Nilipoona tumekaa vya kutosha nikafungua ukurasa wa 7, nikafunika maandishi kwa kiganja, nikaacha picha peke yake. Picha ilikuwa ya mwanamke aliyeshika chupa yenye punje za mahindi, anamiminia chumvi kwa kijiko, na pembeni mshale umetoka kwenye chupa kuelekea kwenye gunia.

"Bibi, huyu mama hapa anafanya nini?"

Aliitazama picha kwa muda. "Anatia chumvi kwenye mahindi."

"Kwa nini anatia chumvi?"

"Yasioze. Kama samaki." Akanyamaza, akapapasa ule mshale kwa kidole. "Ni nzuri. Ila nimekuwa najiuliza, gunia zima litataka chumvi kiasi gani? Chumvi si unajua bei yake."

Nilikuwa na fomu yake kwenye mkoba. Kwenye sentensi isemayo "Nimeelewa jinsi ya kutumia chumvi kupima unyevu wa mahindi", alikuwa amekubali sana.

Kwa asiyejua, jaribio la chumvi ni hili. Unachukua chupa ya kioo kavu kabisa, unatia mahindi hadi theluthi moja, unaongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, unafunga, unatikisa kama dakika moja, unaiacha itulie dakika 15 hivi. Chumvi ikigandia ukutani mwa chupa, mahindi yana unyevu zaidi ya asilimia 15 na yarudi juani. Isipoganda, yamekauka kiasi cha kuanza kufikiria kuhifadhi. Mahindi ya kwenye chupa ni ya kupimia tu, na chumvi haiendi popote zaidi ya hapo. Ni kipimo cha bei ndogo, kinafanya kazi, mtu anaweza kukifanya barazani kwake bila kumngoja mtaalamu.

Bibi alikuwa amesoma picha kwa akili timamu kabisa. Chumvi huhifadhi samaki, kila mtu anajua. Mshale unatoka kwenye chupa unaingia kwenye gunia, basi kilichomo kwenye chupa kinaingia kwenye gunia. Mchoraji alikuwa na maana kwamba mahindi yakishathibitika kuwa makavu ndipo uende hatua ya kuhifadhi. Na wakati wa mafunzo mwezeshaji alionesha jaribio lenyewe, ila kwa chupa moja, mbele, kwa watu wengi. Waliokaa nyuma waliona visogo vya wenzao. Hebu pima hatari yake. Mkulima anahifadhi mahindi mabichi akiwa na amani moyoni kwa sababu ameyatia chumvi, na chumvi yenyewe huvuta maji. Siku ile nilipita kwa watu wengine kadhaa na ukurasa uleule. Bibi hakuwa peke yake.

Ndipo nikaanza upya. Nikajiambia kwamba swali zuri kuhusu zana ya mafunzo ni lile ambalo adabu haiwezi kulijibu. "Picha hii ilikusaidia?" linajibika kwa adabu. "Huyu anafanya nini, na kwa nini?" halijibiki. Mtu atasema anachokiona, na ukiwa mwangalifu usitikise kichwa wala kutabasamu mapema, utapata ukweli wote. Swali hilo la kufunika maandishi sasa naliuliza kwa kila picha, kabla ya kuuliza lolote kuhusu maneno, na majibu nayaandika kama yalivyosemwa. Mdodosaji akiandika "ameelewa" nafuta, namrudisha akaandike alichosikia.

Swali la pili ninalolipenda ni la jirani. "Jirani yako hakuja semina. Amekukuta unatikisa chupa. Utamwambiaje?" Hapo mtu hajioni yuko kwenye mtihani, anafundisha. Na anapofundisha unasikia wazi ameshika nini, ameacha nini, na ameongeza nini cha kwake. Ameacha dakika 15 za kungoja? Basi kitabu hakikuzipa uzito. Amesema chupa yoyote? Basi neno "kavu" limepotea njiani.

La tatu lilinishangaza kwa nguvu yake. Kijitabu kilikuwa kinakwenda kuchapwa upya, na kweli kulikuwa na mpango wa kupunguza kurasa. Nikauliza: "Ukiambiwa utoe ukurasa mmoja, utatoa upi?" Watu ambao juzi walikubali sana kila kitu wakaanza kupekua na kubishana. Mzee mmoja akatoa ukurasa wa utangulizi wenye picha za viongozi, akasema haumsaidii kukausha chochote. Mtu ukimwomba ahukumu kazi ya mgeni, ataisifu; ukimwomba akusaidie kuirekebisha, atavua koti. Lakini sharti iwe kweli. Ukimwambia mtu kitabu kinachapwa upya na wewe unajua hakichapwi, umemwibia maoni yake, na mwakani hatakupa tena.

Na kama kinachofundishwa ni cha mikono, mpe mtu vifaa. Tulikwenda na chupa mbili, chumvi, na bakuli mbili za mahindi, moja makavu na nyingine mabichi kiasi. "Naomba unioneshe." Mdodosaji anatazama kimya na kuweka alama: ameikausha chupa kwanza? ametikisa? amengoja? Mwishoni anauliza swali moja tu, "Haya mahindi utayafanyaje?" Hilo la mwisho lina uzito kuliko yote yaliyotangulia. Nimeona mtu akikosea hatua mbili lakini akafikia uamuzi sahihi, na nimeona mwingine akifuata kila hatua kama askari wa gwaride, kisha asijue chumvi iliyoganda inamwambia nini.

Kuna suala la nani anauliza. Mwezeshaji wetu, bwana shamba, alikuwa mtu mwema na mchapakazi. Lakini ndiye atakayeleta orodha ya mbegu za ruzuku msimu ujao, na hakuna mtu mwenye busara atakayesema mbele yake kwamba hakumwelewa. Tukachukua vijana waliomaliza kidato cha nne kutoka kata jirani, wanaojua Kirangi. Hapo napo pana mtego. Dodoso liko kwa Kiswahili, swali linaulizwa kwa Kirangi, jibu linaandikwa kwa Kiswahili, na kila kijana akitafsiri mwenyewe mlangoni kwa mtu, utakuwa na madodoso mengi yanayofanana kwa sura tu. Tulikaa siku nzima kukubaliana namna ya kusema kila swali. Neno "sumukuvu" lenyewe lilitupotezea asubuhi. Ni neno zuri, sumu na kuvu, limeundwa vizuri, lakini kwa wazee wengi lilikuwa jipya na walilisikia kama jina la dawa ya shambani. (Masuala ya simu na tableti sitayagusa sana. KoboToolbox, programu ya kukusanyia majibu ya dodoso, na ndugu zake zimeturahisishia kazi, lakini swali baya kwenye skrini linabaki swali baya.) Na meza ya posho iwe mbali na meza ya dodoso, ikiwezekana siku tofauti. Hili sihitaji kulieleza kwa Mtanzania.

Kwa maandishi yenyewe nilijaribu njia ya zamani ya kujaza mapengo, iliyoanzishwa na Wilson Taylor huko Marekani mwaka 1953. Unachukua aya, unafuta kila neno la tano, unampa msomaji ajaze. Akijaza mengi sawasawa, maandishi yako kwenye kimo chake. Nikachukua ukurasa wa 4: "Anika mahindi juu ya turubai. Usiyaanike chini kwenye udongo kwa sababu kuvu huishi humo." Ukianza kuhesabu neno la kwanza, yanayofutika ni "turubai" na "kwa", na hiyo "kwa" ataijaza hata mtoto kwa kuwa "sababu" imebaki palepale. Ukianza kuhesabu neno la pili, linafutika "Usiyaanike", na hilo si neno la kawaida, ni sentensi nzima ndani ya neno: katazo, mtendaji, mahindi yenyewe na kitendo. Kiingereza kingetumia maneno manne. Kwa hiyo kipimo kilekile kinakuwa rahisi mno mstari mmoja na kigumu mno unaofuata. Kwa Kiswahili nimeacha kuhesabu. Nachagua mwenyewe maneno yanayobeba jambo, na nakubali jibu lolote lenye maana sahihi, hata kama si neno la mwandishi.

Na hapo ndipo nilipopata zawadi ambayo sikuitegemea. Kwenye pengo la "turubai" watu waliandika mkeka, wakaandika jamvi, na wengine wakaandika mwamba. "Anika mahindi juu ya mwamba." Kumbe maeneo yale yenye mawe makubwa bapa, watu huanika juu ya mwamba tangu zamani, na kijitabu chetu hakikuwa kimesema lolote kuhusu mwamba, kama ni salama, kama ufagiliwe kwanza, kama umande wa alfajiri una neno. Tuliwafundisha kuhusu turubai ambalo wengi hawana, tukanyamaza kuhusu jiwe ambalo wote wanalo.

Inafaa nitaje Kenya, kwa sababu kuna somo ambalo kila anayetengeneza mabango kitita angepaswa kulijua. Wanauchumi Paul Glewwe, Michael Kremer na wenzao walichunguza chati za kufundishia katika shule za msingi za magharibi mwa Kenya, ambako walifanya kazi na shule 178. Walipolinganisha tu shule zilizokuwa na chati na zisizokuwa nazo, ilionekana kwamba chati zinapandisha alama za wanafunzi kwa kiasi kikubwa. Kisha wakatazama matokeo ya shule zilizopewa chati kwa mpangilio uliowekwa makusudi, nusu zipewe na nusu zisipewe. Faida ile haikuonekana. Shule zilizokuwa na chati tangu mwanzo zilikuwa na mambo mengine mazuri, labda walimu wenye bidii, labda wazazi wanaochangia, na chati ikapewa sifa isiyo yake. Matokeo hayo yalichapishwa mwaka 2004. Mwaka 2009 Glewwe, Kremer na Sylvie Moulin wakatoa mengine, safari hii kuhusu vitabu vya kiada huko Busia na Teso. Vitabu viliwasaidia wanafunzi waliokuwa tayari wanafanya vizuri. Wengine wengi havikuwainua. Sababu moja inauma: vitabu viliandikwa kwa Kiingereza, ambacho kwa wengi wa watoto wale kilikuwa lugha ya tatu. Kremer alikuja kushiriki Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2019, na kazi zile za Kenya ni sehemu ya safari yake.

Sina maana kila kijitabu kipewe utafiti wa shule 178. Ninachosema ni kwamba mwalimu angeulizwa kama chati ni nzuri, angesema ni nzuri, kwa moyo mweupe, na zilikuwa nzuri kweli kuzitazama. Donald Kirkpatrick, msomi wa Marekani, alikwishaliweka hili wazi mwaka 1959 alipogawa tathmini ya mafunzo katika ngazi nne: watu wameyapokeaje, wamejifunza nini, wanafanya nini tofauti, na matokeo yake ni yapi. Fomu ya dakika tano inagusa ngazi ya kwanza peke yake, nasi tunaiandikia ripoti kana kwamba tumefika ya nne.

Kuna kosa jingine ambalo nililifanya mara nyingi, la kupima kabla na baada. Kabla ya mafunzo unamuuliza mkulima, "Unajua kiasi gani kuhusu kuhifadhi mahindi?" Ana miaka 30 shambani, anasema najua sana, na ana haki. Siku tatu baadaye, baada ya kusikia mambo ya kuvu asiyeonekana, unamuuliza swali lilelile, anasema najua kiasi. Kwenye jedwali inaonekana mafunzo yamempunguzia elimu. Kilichobadilika ni rula yake mwenyewe. Wataalamu wa tathmini waliliandika jambo hili tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na dawa waliyopendekeza ni rahisi: uliza yote mawili mwishoni. "Sasa unapotazama nyuma, kabla ya semina ulijua kiasi gani? Na sasa?" Si dawa kamili, kwa sababu mtu anaweza kujishusha ili akufurahishe, lakini ni bora kuliko kumlinganisha na mtu ambaye hakujua asichokijua.

Mwezi wa nane, mavuno yakiwa ndani, tulirudi. Swali la kwanza halikuwa swali. Lilikuwa ombi: "Naomba nikione kile kijitabu." Ningeshauri kila mtu aliweke kwenye dodoso lake. Katika nyumba moja mama aliingia ndani, nikasikia sanduku la bati likifunguliwa, akatoka nacho kimefungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na kadi za kliniki za watoto. Kilikuwa safi kama siku kilipotoka kiwandani, hata kurasa mbili zilizogandana kwa wino zilikuwa bado hazijaachana. Kilikuwa kimeheshimiwa sana na hakikuwa kimesomwa. Nyumba ya tatu kutoka hapo, kijitabu kilikuwa kimechomekwa kwenye paa la jikoni, kimekuwa cha kahawia kwa moshi, jalada hakuna. Kilijifungua chenyewe ukurasa wa 11, penye jedwali la siku za kukausha, na pembeni mtu alikuwa amepiga mistari kwa mkaa akihesabu siku: minne, kisha wa tano umekatiza. Nilikaa na ukurasa ule muda mrefu, nikaupiga picha kwa ruhusa. Tangu hapo mdodosaji wangu anaandika kijitabu kimetoka wapi, kina hali gani, kinajifungua ukurasa gani.

Ukurasa wa 7 tuliuchora upya mara tatu. Safari hii kuna chupa mbili: kwenye moja chumvi imeganda, na kutoka hapo njia inarudi kwenye turubai na jua, kwenye nyingine chumvi imetulia chini, na njia inakwenda kwenye gunia, lakini inaanzia kwenye rundo la mahindi, haianzii kwenye chupa. Mistari miwili zaidi ya mchoraji, basi. Na mwisho wa dodoso, pale palipokuwa na "Maoni mengine", nimeandika sentensi ambayo haijaisha, mtu aimalizie: "Kijitabu ni kizuri, ila..." Hakuna aliyewahi kuiacha wazi tangu nianze kuitumia. Mmoja aliandika: ila herufi ni ndogo, mimi nasoma usiku kwa tochi. Mwingine: ila mama aliyechorwa hafanani na wa huku, hajafunga kanga. Mwingine: ila hamjasema asiye na turubai afanyeje. Bibi wa samaki hakuandika, alimwambia kijana wetu amwandikie. Picha mpya ameielewa, alisema, chumvi ni ya kupimia, ila hatujaonesha mahindi ya kwenye chupa yanaishia wapi, na akiyamwaga hapo uani kuku wake wataokota pamoja na chumvi yake.